Sahani Zilizokuwa Tupu: Sehemu ya Tisa

Jumapili iliyopita tulimwacha Bi Sahani ameshika mlango wa kabati la joto, hajaufungua. Alikuwa anaogopa, na mimi simlaumu hata kidogo.

Wewe uliyeokota gazeti leo kwa mara ya kwanza, nikuweke sawa haraka. Bi Sahani ni mpimaji katika maabara ya serikali, ile inayoamua sabuni gani iuzwe na iandikwe nini kwenye lebo. Wenzake wamempa jina hilo kwa sababu miaka kumi na minne sasa maisha yake ni zile sahani ndogo za kioo za kuoteshea vijidudu ndani ya kabati la joto. Mdogo wake, tumbo moja, ni muuguzi wa wadi ya watoto wachanga. Ndani ya wiki tatu watoto watatu wamekufa katika wadi hiyo, damu imeingiwa na vijidudu. Uongozi unasema wauguzi hawanawi mikono. Mdogo mtu amesimamishwa kazi, na kesho saa nne asubuhi anasimama mbele ya kamati. Wakimtia hatiani leseni imekwenda, na polisi wanalisubiri faili.

Yeye anaapa kwamba alinawa. Kila mara, kwa ile sabuni ya dawa yenye cheti cha serikali.

Cheti hicho kina saini ya Bi Sahani.

Sasa ninyi mlioniandikia barua mkitaka Bwana Povu, mwenye kiwanda, afungwe maisha, ngojeni kidogo. Bi Sahani naye alikuwa upande wenu. Aliamini jamaa alipata cheti kwa sabuni nzuri, kisha akaanza kuichakachua. Ndiyo maana jana yake alipima sabuni mbili kwa mpigo: moja ya dukani ya mwezi huu, nyingine chupa ya akiba iliyokaa stoo na lakiri yake tangu siku ya cheti, miaka mitatu iliyopita. Mpya ikishindwa na ya zamani ikifaulu, Povu amekwisha na mdogo mtu amepona. Hesabu yenyewe ndiyo hiyo.

Akafungua.

Sahani za sabuni mpya zilikuwa zimejaa. Vijidudu vimeota madoa meupe, yamebanana hadi hayahesabiki. Bi Sahani akatabasamu. Mnisamehe, lakini alitabasamu.

Akavuta trei ya chini, ya ile sabuni ya zamani aliyoithibitisha kwa mkono wake mwenyewe.

Zimejaa vilevile.

Akazipanga zote mezani chini ya taa. Akaweka na sahani za sabuni ya kawaida ya kufulia, aliyoipima kwa kulinganisha tu. Ungezibandua lebo, hata yeye asingejua ipi ni ipi. Sabuni ya dawa na sabuni ya kufulia shuka zilikuwa kitu kimoja.

Alichukua daftari. Kazi ile inataka uandike kwanza, ulie baadaye. Akaandika Jumanne, tarehe, saa mbili na robo asubuhi, kisha neno "zimejaa" mara kumi na mbili, mstari kwa mstari. Hilo daftari mlitie akilini, tutalirudia.

"Funga mlango huo, joto linatoka."

Mkuu wa maabara alikuwa amesimama nyuma yake. Wafanyakazi humwita Mzee Muhuri, kwa kuwa hakuna karatasi inayotoka jengo lile bila kupita chini ya muhuri wake. Ndiye aliyemfundisha Bi Sahani kazi, tangu siku yake ya kwanza alipokuwa hajui hata kushika pipeti ya kuvutia matone.

"Umepima nini?"

"Povu."

"Nani kakutuma?"

"Hakuna aliyenituma, Mzee."

Akainamia sahani. Alizitazama kwa muda mrefu, miwani ameipandisha kwenye paji la uso.

"Na hizi?"

"Ya akiba. Ile ya cheti."

"Chupa ya miaka mitatu. Dawa imeshakufa humo, hicho kipimo hakina miguu." Kisha akauliza haraka, kabla hajavuta pumzi, "Ulizima?"

"Nilizima."

Akaitikia kwa kichwa, akatoka. Hakugomba wala hakutishia. Na swali lake likabaki pale chumbani na Bi Sahani, likimsumbua. Mambo yote ya kuuliza, kwa nini aulize lile?

Nieleze kuzima ni nini, maana bila hilo hamtaelewa balaa lililokuja. Ukitaka kujua sabuni ya dawa inaua kwa sekunde kumi, unaichanganya na vijidudu, unahesabu sekunde kumi, halafu unamimina maji maalumu ya kuizima ile dawa pale pale. Ndipo unachukua tone na kulipeleka kwenye sahani. Usipoizima, tone linakwenda na dawa yake. Dawa inaendelea kuua humo ndani ya kabati mchana kutwa na usiku kucha. Kesho unafungua, unakuta sahani tupu, safi, unaandika "inaua kwa sekunde kumi", kumbe iliua kwa saa ishirini na nne. Na hakuna mzazi anayemwambia mtoto wake anyooshe mikono, anawe mpaka kesho.

Mpimaji yeyote anajua hilo. Bi Sahani analifundisha kwa wageni wiki yao ya kwanza.

Akaenda stoo ya madaftari. Akalitoa lile la miaka mitatu nyuma, akalipangusa vumbi kwa koti lake jeupe, akafungua ukurasa wa Povu. Mwandiko wake ulikuwa mzuri siku zile. Tarehe ipo, joto lipo, sahani kumi na mbili, tupu zote. Akashuka kwa kidole hadi kwenye safu ya kuzima.

"Yamekwisha stoo. Nimetumia maji ya chumvi."

Akakaa juu ya boksi la glavu.

Maji ya chumvi hayazimi dawa. Alikumbuka yote kwa mara moja. Wiki ile maji ya kuzima yalikwisha, oda haijafika, hospitali inapiga simu kila siku inataka sabuni ya wadi mpya. Akasema moyoni, wacha nipime hivi hivi, oda ikija nitarudia. Pembeni mwa ukurasa kulikuwa na neno moja la penseli, dogo, mtu anaweza kulipita. "Rudia." Penseli hairuhusiwi kwenye daftari lile. Alitumia penseli kwa sababu alikusudia kulifuta baada ya kurudia.

Hakurudia. Oda ilikuja baada ya miezi miwili, na kwa muda huo kulikuwa na dawa za mswaki, maji ya chupa na mafuta ya watoto vikimsubiri mezani. Akasahau. Hakuna aliyemhonga, hakuna aliyemtisha. Alisahau kama mtu anavyosahau mwavuli.

Mnakumbuka sehemu ya tano, jinsi alivyomtukana Bwana Povu mlangoni mwa kiwanda chake? Sasa jamaa hakuwa amechakachua kitu. Sabuni yake ilikuwa ile ile siku zote, haina kosa ila sifa iliyopewa.

Lakini wasomaji wangu, chini ya lile neno la penseli kulikuwa na kitu kingine. Alama ya vema, ndogo, kwa wino wa kijani, na tarehe ya miaka miwili iliyopita.

Jengo zima, mwenye ruhusa ya wino wa kijani ni mtu mmoja.

Hakubisha hodi. Alilitua daftari mbele ya Mzee Muhuri, kando ya chai yake, nusura aimwage, akaweka kidole kwenye alama.

"Hii ni yako."

Mzee akaitazama. Hakuikana.

"Nilikuwa nakagua madaftari ya zamani," alisema. "Nikaliona neno lako."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

"Povu alikupa nini?"

"Mimi sijala hata senti ya mtu, binti yangu, na wewe unanijua." Sauti ilikuwa imeshuka. "Cheti kilishatoka. Ningesema, ungefukuzwa kazi wiki ile ile. Mama yenu alikuwa kitandani. Mdogo wako yuko mwaka wa mwisho chuo cha uuguzi, wewe ndiye unamsomesha. Nikajiambia ni sabuni tu, haiui mtu. Nilikuwa nakulinda."

Bi Sahani alitafuta hasira akaikosa. Kilichokuwepo ni aibu, na aibu ile haikuwa na mahali pa kwenda.

"Watoto watatu, Mzee."

"Najua idadi yao."

Bi Sahani akainyakua simu ya mezani. "Napiga wadini. Juu ya sinki lao wamebandika karatasi, sekunde kumi zinatosha, na jina langu chini. Waing'oe sasa hivi, wanawe kama zamani, dakika nzima mpaka viwikoni."

Mzee Muhuri akaweka kiganja juu ya simu, taratibu.

"Una kipimo kimoja, cha chupa iliyozeeka. Nani alikufundisha kwamba kipimo kisichorudiwa si jibu? Mimi. Povu akija na wakili atakichana vipande, na atakayezama ni mdogo wako. Pima tena leo, sabuni ile ile, nusu uzime, nusu usizime. Kesho zilizozimwa zikijaa na zisizozimwa zikiwa tupu, hata Ziraili hawezi kukubishia. Siku moja tu."

Maneno yalikuwa na akili, na hilo ndilo baya lake. Aliyasikiliza, akaona ni ya kweli, na ndani kabisa, chini ya ule ukweli, akasikia nafuu. Siku moja zaidi ya kuwa mpimaji mwenye jina zuri. Siku moja zaidi mdogo wake hajui.

Akairudisha simu mahali pake. Aliirudisha upesi mno, na baadaye atalikumbuka hilo kila anaposhika simu.

Alasiri alipofika nyumbani, maji yalikuwa yanatiririka jikoni. Tangu asimamishwe kazi mdogo mtu alikuwa amehamia kwa dada yake. Alikuwa amesimama kwenye sinki, mikono ina povu, anahesabu kwa sauti.

"Saba, nane, tisa, kumi."

Akafunga bomba. Akatazama mikono. Akafungua tena, akaanza moja.

"Utaichubua hiyo mikono," Bi Sahani alisema.

"Imeshachubuka." Akamwonyesha. Katikati ya vidole ngozi ilikuwa imepasuka na kuwa nyekundu. "Naona kama sikuhesabu sawa, dada. Yule mtoto wa pili, yule wa kike, pengine nilifika nane nikaitwa. Najaribu kukumbuka."

"Ulihesabu sawa."

"Unajuaje? Hukuwepo." Akacheka kidogo, kicheko kisicho na raha. "Chuoni walitufundisha dakika nzima. Nilipoanza kazi nikawa nanawa dakika nzima, wenzangu wananitania, bi harusi anaoga huyo. Sista mkuu akanionyesha karatasi. Nikaona jina lako pale chini, nikajivuna mwenzio. Nikawaambia, huyu ni dada yangu, akisema kumi ni kumi."

Bi Sahani alikwenda kulitua begi lake mezani, ili apate pa kuangalia.

"Wewe ulipima mwenyewe," mdogo mtu akasema. "Niambie leo, dada, mimi si mtoto. Inaua au haiui?"

Pale, wasomaji wangu, palikuwa na mlango wazi kabisa. Mtu alikuwa anangoja asikie neno moja tu.

"Kesho asubuhi nitajua," akajibu Bi Sahani.

Mdogo wake akaitikia, akarudi kwenye sinki. Moja, mbili, tatu.

Jumatano saa moja na nusu kabati likafunguliwa. Mzee Muhuri alikuwepo, amevaa suti ya kikao. Sahani sita zilizozimwa: zimejaa. Sahani sita zisizozimwa, sabuni ile ile, chupa ile ile, mkono ule ule: tupu, zinang'aa. Walizifunga kwa utepe, wakazipakia kwenye boksi, wakachukua daftari la zamani na la sasa, wakaondoka.

Chumba cha kamati kilikuwa na meza ndefu na feni inayokwaruza. Mwenyekiti, daktari mstaafu mwenye sauti ya chini, alikaa katikati. Mdogo mtu alikuwa peke yake upande wa pili, mikono ameificha chini ya meza. Bwana Povu naye alikuwepo, mtu mfupi mwenye jasho, amepakata cheti chake kikiwa kwenye fremu ya kioo.

Bi Sahani akajikaza kisabuni, maana leo hakukuwa na namna nyingine ya kujikaza, akasimama. Alisema yote. Maji ya kuzima, maji ya chumvi, penseli. Akazipanga sahani mbele ya mwenyekiti, zilizojaa kushoto, tupu kulia.

"Kwa hiyo aliyenawa sekunde kumi kwa sabuni hii," mwenyekiti akauliza, "ni sawa na aliyenawa sekunde kumi kwa sabuni ya kufulia?"

"Ni sawa, mheshimiwa. Sekunde kumi ndizo zilizoua. Dakika nzima na sabuni yoyote ingetosha zaidi."

"Na sekunde kumi zilitoka kwa nani?"

"Kwangu mimi."

Bwana Povu akasimama, hakuomba ruhusa. "Mheshimiwa, mimi shule yangu fupi. Najua mafuta, magadi na manukato. Kwamba sabuni yangu ni dawa, niliambiwa na huyu mama." Akaigeuza fremu, akaitazama kana kwamba ni picha ya ndugu asiyemjua. "Mjukuu wangu alizaliwa wadi ile ile."

Hakuna aliyemuuliza mjukuu yuko wapi, na yeye akakaa.

Mwenyekiti akavua miwani. "Muuguzi hana kosa. Alifuata maelekezo yenye saini ya serikali. Atarudishwa kazini."

Mdogo mtu alifunika uso kwa ile mikono iliyochubuka. Bi Sahani akahisi pumzi inamrudi kwa mara ya kwanza tangu jana. Kazi alijua ameipoteza, na alikuwa tayari. Angalau mmoja amepona, alijisemea, na mimi niliyewazoeza ninyi kwenye mikasa ningependa tuishie hapo leo.

Mlango ukafunguliwa. Sista mkuu wa wadi akaingia na faili, hajavua hata aproni.

"Samahani, mwenyekiti. Kuna mtoto wa nne."

Feni ikaendelea kukwaruza.

"Wa kiume. Kazaliwa jana saa sita mchana, mzima, kilo tatu na nusu, analia vizuri. Homa imemwanza usiku. Amefariki saa mbili asubuhi hii."

Jana saa sita mchana. Bi Sahani alijikuta anapiga hesabu asiyotaka kuipiga. Saa mbili na robo mpaka saa sita. Alikuwa na saa nne kasoro robo na simu ya mezani. Pengine simu isingebadili kitu, pengine vijidudu vilishamfikia kwa njia nyingine. Hilo hakuna sahani itakayomjibu mpaka anaingia kaburini.

Mdogo wake alikuwa ameshusha mikono. Alikuwa anamtazama yeye peke yake, na sauti yake ilipotoka ilikuwa ndogo.

"Dada. Ulijua lini?"

Kabla hajafungua mdomo, Mzee Muhuri alishasimama.

"Leo," alisema, macho makavu. "Asubuhi ya leo, nilikuwepo. Kwa kanuni zetu kipimo ambacho hakijarudiwa si jibu. Amejua leo, na amekuja hapa moja kwa moja."

Akamgeukia Bi Sahani na kumpa jicho lile lile la miaka kumi na minne, la mwalimu anayemshikia mwanafunzi ngazi. Alitakiwa aitikie kwa kichwa tu. Wala asingekuwa amesema uongo kwa mdomo wake mwenyewe.

"Ni hivyo?" mwenyekiti akauliza.

Daftari la sasa lilikuwa kwapani mwake. Bi Sahani akalitoa. Hakumpa mwenyekiti. Alizunguka meza ndefu hatua kwa hatua, akasimama mbele ya mdogo wake, akalifungua ukurasa wa Jumanne na kuliweka mbele yake. Kisha akarudi nyuma hatua moja, mikono imening'inia.

Mdogo mtu alisoma kwa kidole, kama alivyokuwa akisoma alipokuwa mdogo na dada yake akimshikia kitabu. Kidole kilipita kwenye tarehe. Kikapita kwenye saa. Kikashuka mistari kumi na miwili na kurudi juu tena kwenye saa, kikabaki hapo.

"Dada muuguzi," mwenyekiti akamwambia kwa upole, "tusomee. Daftari linasema alijua lini?"

Mdogo mtu akalifunga daftari, akaweka viganja vyote viwili juu ya jalada. Midomo yake ilikuwa inahesabu, bila sauti, na Bi Sahani aliyekuwa karibu aliziona namba zote zikipita. Ilipofika kumi haikusimama. Kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu.

Kisha akainua kichwa ili ajibu.